Mfasiri wa Bwana Kamasi

Duka la kukodisha kanda za video lilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni ya Takoma, kati ya kinyozi na kanisa dogo la chumba kimoja. Jumamosi ile ya Februari, mwaka 1999, Elisante alikuwa mteja wa kwanza. Alikung'uta theluji viatuni, akavua kofia, akasimama mbele ya kaunta kama mtu aliyefuata dawa.

Kipkemboi alikuwa mahali pake, nyuma ya kaunta. Mbio zilimleta Marekani, goti likamwacha hapo dukani, na tumbo likamkuta baadaye. Alipomwona Elisante aliinama, akatoa kanda moja chini ya meza.

"Mzee wa kanisa. Kitu yako imefika. Nimekufichia hapa chini kama chang'aa."

"Usiseme hivyo, watu watasikia."

"Watu gani? Ni mimi, ni wewe, na hii hita inakohoa." Aliisukuma kanda mbele. "Lakini nakuambia mapema, ukikasirika usinirudie. Kuna Mfaransa hukuja hapa, aliirudisha kabla hata haijaisha. Ati ya kwanza ndiyo filamu, hii ya pili ni picha za likizo."

"Aliiona yote?"

"Si nimekuambia hakumaliza?"

"Basi hana haki ya kuihukumu," alisema Elisante, akaitia kanda ndani ya koti.

Kipkemboi akacheka. "Haya, jaji. Enda usikize kesi."

Elisante hakucheka. Kwake jambo lile lilikuwa zito kuliko Kipkemboi alivyojua. Jumatano, mwanamke aitwaye Sikujua, jirani yake wa zamani, alikuwa amempigia simu kutoka Montreal. Alianza na baridi ya kule, akaenda kwenye wajukuu, kisha, bila kubadilisha sauti, akasema kwamba mwanawe Byamungu anataka jibu. Sikujua aliondoka Takoma Park mwezi wa sita kwenda kumlea mtoto mchanga wa Byamungu, na aliaga kama mtu wa kwenda na kurudi. Sasa mwanawe alitaka mama abaki kwao moja kwa moja, na alikuwa tayari kuanza kushughulikia karatasi za ukaazi.

"Nitamujibu Jumapili," Sikujua alisema. "Kisha misa nitakupigia weye. Na ile filamu ya pili, imefika kwenu?"

"Kipkemboi anasema itaingia Jumamosi."

"Huku iko deja, ilishafika. Sijaiona. Nilisema nitangoja weye, Papa Neema, uione, uniambie kama inafikia ya kwanza."

"Nitakuambia."

"Lakini uniambie ukweli."

"Mimi huwa nasema nini kingine?"

"Ni kweli," alisema. "Weye unasemaka paka ukweli, ukweli tu."

Tangu siku hiyo Elisante alikuwa akitafuta namna ya kumwambia arudi, na hakuipata. Alitaka arudi. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba ana njaa. Lakini kila sentensi aliyoitunga, akiwa kwenye basi la kwenda kazini au akiwa amesimama na bomba la maji kati ya miche ya soya, ilimfanya aone aibu kabla hajaimaliza. Aliamua basi kwamba angeanza na filamu. Angempa Sikujua hukumu ya haki, iliyofikiriwa vizuri, na kutoka hapo huenda maneno mengine yangepata njia.

Alikuwa mtu wa Usangi, Upare, aliyevuka hamsini. Alikuja Marekani kusomea kilimo, akabaki, na sasa alifanya kazi kwenye nyumba za vioo za kituo cha utafiti kule Beltsville. Mkewe, Mama Neema, alifariki nyumbani kabla karatasi zake za kuja hazijatoka. Watoto walikuwa watu wazima huko Moshi, wenye shughuli zao. Elisante hakunywa, hakukopa, hakuchelewa. Alikuwa mzee wa kanisa katika ibada ya Kiswahili iliyofanyika Jumapili mchana, Wamarekani wenye jengo wakishakwenda zao, na alipokuja mhubiri mgeni, ni yeye aliyesimama kando yake kumfasiria.

Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu mkubwa. Mhubiri akisema neno, yeye alisema neno hilo hilo, hakuongeza wala hakupunguza. Mara moja mgeni mmoja alitia mzaha wa mchezo wao ule wa rungu na mpira katikati ya mahubiri. Elisante aliutafsiri wote, kikamilifu, na waumini wakamtazama kama mtu anayesoma bei za mbolea. Baada ya ibada mchungaji alimwomba siku nyingine awasaidie wageni kidogo, aseme kitu cha kuchekesha cha kwetu. Alikataa. Mfasiri anayeongeza lake, alisema, ni mwongo aliyesimama madhabahuni.

Sikujua alihamia ghorofa ya chini yake mwaka 1997. Alikuwa mjane kutoka Bukavu, amekimbia vita, akifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Siku ya kwanza walikutana kwenye ngazi, Elisante alikuwa akisema "pole" kwa mtu aliyebeba sofa, na sauti ikatoka nyuma ya sofa: "Pole ni ya bure, Papa. Shika huku." Alikuwa Mkatoliki, lakini alikuja kwenye ibada yao kwa ajili ya lugha, kwa sababu, alisema, Mungu wa Kiingereza anazungumza haraka.

Jumamosi mchana walianza kutazama filamu pamoja nyumbani kwa Elisante. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya video. Aliweka sharti moja, nalo lilikuwa kwamba mlango wa kuingilia ubaki wazi muda wote, umeshikiliwa na kigoda, ili mtu yeyote apitaye kwenye korido aone kwamba hakuna jambo. Mama mmoja wa kanisani, Adela, alikuwa amekwisha kuuliza, kwa upole wa kuchoma, kama siku hizi wazee wa kanisa wanafungua sinema. Sikujua alilitazama lile sharti, akatazama na kigoda, akasema tu, "Bon," yaani haya. Majira ya baridi alikuja na blanketi.

Hakujua Kiingereza cha kusoma haraka, na Elisante hakujua Kifaransa kabisa, kwa hiyo walikodisha filamu za Kifaransa naye Sikujua akafasiri; maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha Elisante hakuyasoma, alimsikiliza yeye tu. Alikuwa na uzoefu. Marehemu mume wake alikuwa na chumba cha video kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, na yeye Sikujua alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwaambia watu kwa Kiswahili kilichokuwa kikisemwa. "Miye nilikuwa sauti," alimwambia Elisante. Elisante alielewa hivyo hivyo: alikuwa sauti, kama yeye kanisani. Kwamba watu wa Kadutu walilipa kiingilio kumsikia Sikujua kuliko kuiona filamu, kwamba pale sauti ilikuwa na ruhusa ya kumtukana jambazi, kumwonya bibi harusi na kumpa kila mtu jina jipya, hilo hakulifikiria. Hakuuliza, naye hakuambiwa.

Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jasusi wa Kifaransa mwenye mafua yasiyopona. Kila alipojificha, alipiga chafya. Alipiga chafya ndani ya kabati la balozi, chini ya meza ya majenerali, ndani ya jeneza kwenye maziko asiyohusika nayo. Sikujua alimwita Bwana Kamasi. Mkuu wa majasusi, yeye Sikujua alimwita Monsinyori, kwa kuwa alifanana na askofu mmoja wa kwao. Jasusi wa kike, mwenye gauni la kijani na akili kuliko wote, alikuwa Madame tu.

"Monsinyori anasema," Sikujua alifasiri, "'Kamasi, nimekutuma uibe siri, weye umeleta homa.'"

Elisante alicheka mpaka akavua miwani. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba wa mkewe, na ilimshtua kusikia sauti yake ikitoka hadi kwenye korido kupitia mlango uliokuwa wazi.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, Jumamosi ya Januari 1998, ndipo lilipotokea jambo ambalo yeye hakuliona likitokea. Kwenye filamu, Bwana Kamasi na Madame walikuwa mkahawani, wanakula. Nyuma yao mlango wa jikoni ulikuwa ukifunguka na kujifunga, watumishi wakipita. Madame alikuwa akimtazama Bwana Kamasi, mdomo wake ukienda, na Sikujua akasema, polepole kuliko kawaida yake:

"'Weye kila siku unakaa kule mwisho wa kiti, kama mutu anangoja treni. Mulango uko wazi, baridi inaingia. Siye si batoto. Batu wa kutuuliza bamekwisha kufa. Kama unanitaka, sema. Kama haunitaki, sema vilevile, nijue pa kwenda.'"

Elisante alikaa wima. Filamu iliyokuwa ikimfurahisha ilikuwa imefanya utovu wa adabu mbele ya mgeni wake, naye aliona ni wajibu wake kuukemea.

"Mwanamke wa heshima hasemi hivyo," alisema. "Anajirahisisha."

Sikujua hakugeuka. "Angefanya nini?"

"Angengoja aulizwe."

"Na kama haulizwi?"

"Basi hakutakiwa. Anyamaze alinde heshima yake."

Alisema hivyo akiwa na uhakika wote wa mtu anayezungumza juu ya Wafaransa. Sikujua alivuta blanketi mabegani, akaendelea kufasiri. Lakini tangu hapo ufasiri ukawa mfupi. "Anauliza funguo." "Anasema hajui." "Wanakimbia." Elisante alidhani amechoka, akajitolea kumpikia chai.

Mtu anaweza kushika kila amri na bado akamjeruhi jirani yake, kwa sababu tu amezoea kuhukumu kabla ya kusikiliza. Elisante hakujua kwamba amefanya hivyo. Aliendelea kumkaribisha Jumamosi, naye aliendelea kuja, mara nyingine. Mwezi wa sita Byamungu alipopiga simu kwamba mtoto amezaliwa, Sikujua alifunga mizigo yake upesi sana. Elisante alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea sanduku zito, akamwombea safari njema. Hakusema lingine.

Sasa alikuwa sebuleni peke yake na ile filamu ya pili. Kwa mazoea aliufungua mlango na kuusogezea kigoda, kisha akaona ujinga wake, akaufunga. Aliketi, akaweka karatasi na kalamu karibu ili asisahau hoja zake, akawasha mashine.

Filamu ilianza vizuri. Safari hii Bwana Kamasi alikuwa ametumwa kwenye mji wa pwani, kwenye hoteli kubwa nyeupe, na kulikuwa na helikopta, maboti ya kasi na polisi wengi wanaoanguka majini. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha, naye aliyasoma yote. Bwana Kamasi alipiga chafya. Akapiga tena. Kwenye filamu ya kwanza chafya ilikuwa inakuja pale tu ambapo ungetoa chochote isije. Kwenye hii ilikuja kila baada ya dakika chache, kama kengele ya shule. Monsinyori alizungumza sana na hakuwa mtu wa kuchekesha, alikuwa bosi tu. Na Madame, yule yule wa gauni la kijani, aliyewapita wote akili, safari hii alipewa chumba cha hoteli chenye dirisha kubwa. Alisimama dirishani. Aliuliza kwa simu kama kuna ujumbe wowote. Hakukuwa na ujumbe. Filamu ikaenda kwenye maboti, ikarudi, naye bado yuko dirishani. Mwishoni Bwana Kamasi alikuja na maua, na Madame akafurahi kana kwamba amepewa nchi.

Ilipokwisha, Elisante alitambua kwamba hakuwa amecheka hata mara moja. Aliandika: haifikii. Kisha akaitazama ile karatasi na dhamiri ikamsumbua. Filamu ya kwanza aliiona akiwa na mtu, ya pili akiwa mpweke. Ya kwanza aliisikia, ya pili aliisoma. Labda kosa halikuwa la filamu. Hakimu wa haki hupima vitu viwili kwa mizani moja. Akavaa koti, akarudi dukani.

"Nilikuambia usinirudie," alisema Kipkemboi.

"Sijaja kulalamika. Nataka ile ya kwanza."

"Si ulishaiona? Wewe na yule mama Mkongo, mkicheka mpaka jirani yenu akaja kuniuliza ni filamu gani."

"Alikuja kuuliza?"

"Aliikodi. Akairudisha, akasema haichekeshi." Kipkemboi aliitafuta kanda kwenye rafu. "Kwani mama alienda wapi? Siku hizi unakuja pekee yako kama askari wa doria."

"Yuko Canada kwa mwanawe."

"Atarudi?"

Elisante alichukua kanda. "Nitajua kesho," alisema.

Alipofika nyumbani hakuchukua kalamu. Alijiandaa kucheka, kusema kweli. Alikuwa na hamu nako. Bwana Kamasi akaingia kwenye kabati la balozi, akapiga chafya. Monsinyori akamwita ofisini, na yale maandishi yakasema: Umeshindwa tena, nataka taarifa mezani saa nane. Hakukuwa na siri wala homa. Elisante alisogea karibu na kioo, akidhani amesoma vibaya. Kwenye maziko, pale Sikujua alipomfanya padri amuulize marehemu kama naye amepata mafua, padri alikuwa anasoma sala tu, ya kawaida, mpaka mwisho. Filamu ilikuwa nzuri kiasi. Ilikuwa na maarifa kuliko ya pili, na Madame alikuwa na kazi ya maana ya kufanya. Lakini ile aliyoikumbuka, iliyomvua miwani, haikuwamo.

Ikaja sehemu ya mkahawa. Mlango wa jikoni ukafunguka, ukajifunga. Madame akainama mbele na maandishi yakasema: Kichupa cha kushoto kina ile filamu ya siri. Cha kulia kina chumvi. Usikosee, balozi ana shinikizo la damu. Bwana Kamasi akaitikia. Baada ya hapo hakukuwa na maandishi yoyote, kwa muda mrefu. Madame alikuwa akitafuna mkate.

Elisante akairudisha kanda nyuma. Akatazama mdomo wa yule mwanamke. Ulikuwa umefungwa, unatafuna nyama na mkate, na macho yake yako kwa Bwana Kamasi. Hakuna neno lililosemwa pale, kwa Kifaransa wala kwa lugha nyingine.

Baridi inaingia. Mlango uko wazi. Mwisho wa kiti. Yeye mwenyewe sasa alikuwa amekaa mwisho wa kiti, mahali pake pa siku zote, akiwa amemwachia mgeni asiyekuwepo nafasi yote iliyobaki.

Alizima televisheni. Jambo la kwanza lililomjia, na ni haki kulisema, lilikuwa hasira. Alikuwa amedanganywa. Mwaka mzima alikuwa akiisifu filamu isiyokuwepo. Akajaribu kuishika hasira hiyo maana ingemfaa, lakini haikukaa. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, moja moja, kwa ule uaminifu wake wa mfasiri. Anajirahisisha. Hakutakiwa. Anyamaze. Na aliyekuwa akiambiwa hayo alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake, amejifunika blanketi kwa sababu ya mlango wake.

Jumapili aliomba ruhusa asishike zamu ya sadaka, akarudi nyumbani ibada ilipokwisha tu, kabla watu hawajaanza kunywa chai. Alivuta kiti karibu na simu. Ilipolia aliiacha ilie mara ya pili, asionekane aliikalia.

"Papa Neema. Umeshinda muzuri?"

"Nimeshinda salama, Mama Byamungu. Misa ilikuwaje?"

"Ndefu. Padri wa huku anapenda sauti yake." Nyuma yake watoto walikuwa wakibishana kwa Kifaransa, na mtu akigonga sahani. "Alors? Ya pili inafikia ya kwanza?"

"Haifikii."

"Juu ya nini haifikii?"

Alikuwa ametayarisha hoja zake: chafya zilizozidi, maboti, dirisha. Zote zilikuwa za kweli. Akaziacha.

"Haina mfasiri," alisema. "Nimeitazama na ya kwanza tena. Nimesoma maandishi yote."

Mmoja wa watoto alianza kulia, akanyamazishwa.

"Pale mkahawani alikuwa anakula," Elisante alisema.

"Ndiyo. Alikuwa anakula." Sikujua akacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mtu atoke mahali pabaya. "Ni kazi ya video, Papa. Kwetu mufasiri anatia chumvi, batu bafurahi. Usishike sana. Ilikuwa muchezo."

Elisante aliuona mlango huo aliofunguliwa. Angeweza kuupitia, wangecheka, wangerudi kwenye maboti na helikopta, na heshima yake ingebaki imepigwa pasi.

"Haukuwa mchezo," alisema. "Uliniambia jambo, na mimi nikakutukana. Nilidhani nahukumu sinema. Naomba unisamehe."

"Haukujua."

"Sikutaka kujua. Kuna tofauti." Alisimama, simu mkononi. "Mama Byamungu, uliomba niseme. Nasema sasa. Nataka urudi. Nataka nikuoe, kanisani, mbele ya Adela na wote. Sikujua namna ya kusema, nimetafuta tangu Jumatano. Hiyo ndiyo namna niliyoipata."

Kelele za watoto zilizidi, kisha zikapungua. Alikuwa amejitenga nao, au amefunga mlango wa chumba.

"Nimemujibu Byamungu," Sikujua alisema.

"Leo?"

"Jana mangaribi. Nimemwambia ninabaki."

Elisante aliketi tena.

"Nilikudanganya kidogo tena," aliendelea. "Nilisema sitaiona ile filamu kabla yako. Jana muke wa Byamungu aliileta, tukaiangalia sote. Batoto bakacheka sana, ile ya polisi kuanguka mu maji. Miye nilikuwa naangalia Madame. Unamukumbuka pa dirisha?"

"Namkumbuka."

"Ule mwanamuke mwenye akili vile. Filamu muzima anaangalia mu barabara, anauliza kama kuna habari. Nikajiuliza, anangoja nini? Nikaona ni miye. Tangu mwezi wa sita, kila simu ikilia. Nikasema hapana, miye siko ule mwanamuke. Nikaenda mu jikoni, nikamwambia mwana wangu ndiyo."

"Ungengoja mpaka leo," Elisante alisema. Hakusema kwa kulaumu. Ilikuwa sauti ya mtu anayepima umbali.

"Nilingoja. Ungesema Jumatano, Papa. Ungesema pa kituo cha basi, ulipobeba sanduku langu. Nilikuwa ningelishusha."

"Huwezi kumwambia Byamungu kwamba mambo yamebadilika?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na Elisante alimshukuru kwa hilo. "Ule mutoto mudogo anajua jina langu tayari," alisema. "Mama yake ameanza kazi, sababu miye niko. Nikiondoka sasa, neno langu litakuwa nini? Weye ndiye wa kwanza ungeniuliza hivyo."

Ilikuwa kweli. Angekuwa ni mtu mwingine amekuja kutaka ushauri, Elisante angemjibu kwamba ahadi ni ahadi, na asingelala vibaya.

"Umefanya vyema kumjibu mwanao," alisema.

"Hayo ni ukweli ao ni heshima?"

Maisha yake yote alikuwa hajaviona hivyo viwili kuwa vitu viwili.

"Ni heshima," alisema mwishowe. "Ukweli ni kwamba nimeumia. Nyumba hii haina sauti."

"Asante," Sikujua alisema. "Hilo ningelipenda kulisikia zamani, lakini nimelisikia." Mtu alimwita kutoka mbali, kwa jina ambalo Elisante hakulijua, jina ambalo wajukuu walikuwa wamempa. "Bananiita kwa meza. Nitakupigia Pasaka. Utakula leo?"

"Nitakula."

"Usikule mukate peke yake."

"Sawa, Mama Byamungu."

"Sikujua," alisema yeye. "Jina langu ni Sikujua."

"Sawa, Sikujua."

Akakata. Elisante hakuirudisha simu mahali pake. Aliishika sikioni, halafu magotini, akitazama kiti kirefu kilichokuwa tupu na kanda mbili juu yake. Kwanza simu ilitoa ule mvumo wake wa kawaida, baadaye ikatoka sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ikimwambia kwa Kiingereza cha upole kwamba kama anataka kupiga simu, akate kwanza, kisha ajaribu tena. Ilirudia. Aliisikiliza mpaka ikaacha kusema na kuanza kupiga kelele.